Kuona bila macho: chipu za ubongo zimefikia wapi?

Kwenye WhatsApp zinapita video zinazosema kwamba wasioona sasa wanawekewa chipu kichwani na kuona tena. Katika nyingine mtu anafumbua macho, anamtambua mama yake, kisha wote wanalia. Wasikilizaji wanataka kujua: ni kweli? Inapatikana hospitali gani? Bei yake?

Jibu fupi ni hili. Kazi yenyewe ni ya kweli, na ilianza zamani kuliko wengi tunavyodhani. Lakini bado iko kwenye majaribio, waliowekewa ni wachache, na wanachoona si uso wa mama. Wanaona vidoa vya mwanga. Katika makala haya tunaeleza vidoa hivyo vinatoka wapi, vinamsaidia mtu kwa kiasi gani, na kwa nini upofu wa aina fulani unaweza kufikiwa kwa njia hii na mwingine hauwezi.

Tunaonea kisogoni

Jicho hupokea mwanga, lakini kuona kwenyewe hufanyika ubongoni. Mwanga hupita kwenye kioo cha mbele cha jicho, ukaingia kwa tundu la mboni, ukapita kwenye lenzi, kisha ukaangukia retina, yaani utando mwembamba uliotandazwa nyuma ya jicho kwa ndani. Retina ina chembe hai zinazogeuza mwanga kuwa ishara za umeme. Ishara hizo hubebwa na neva ya jicho, ambayo ni kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi zipatazo milioni moja, hadi ndani ya ubongo. Safari huishia nyuma kabisa ya kichwa. Ukijishika kisogo, umegusa mahali hapo, ila fuvu liko katikati.

Redio ikinyamaza, fundi mzuri hakimbilii kununua spika. Anauliza kwanza: betri, antena, au waya umekatika? Na kwa upofu ni hivyo hivyo. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyofanya ukungu. Nyuma yake kila kitu kinaweza kuwa kizima, na ndiyo maana upasuaji wa muda mfupi wa kubadilisha lenzi humrudishia mtu kuona. Vikope, yaani trakoma, huharibu kioo cha mbele kwa kope zinazokwaruza. Kisukari huharibu retina. Presha ya macho huua nyuzi za neva ya jicho polepole, na uzi ukishafa haurudi. Ajali au risasi inaweza kuharibu macho yote mawili kabisa.

Chipu ya ubongo imekusudiwa kwa hawa wa mwisho: watu ambao jicho au neva yake imekufa na hakuna daktari wa macho anayeweza kuitengeneza, lakini kisogo chao ni kizima. Wazo lake ni rahisi kulisema. Kama njia ya kawaida imekatika, tupitishe ishara kwenye njia ya mkato, moja kwa moja hadi ubongoni.

Ramani iliyochorwa na risasi

Wanasayansi walijuaje mahali pa kugusa? Sehemu ya jibu ilitoka vitani. Katika vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905, bunduki mpya zilipiga risasi nyembamba na za kasi sana. Risasi kama hiyo iliweza kupenya kichwa na kutoka upande wa pili, na askari akabaki hai. Daktari wa macho wa Japani, Tatsuji Inouye, alikuwa na kazi ya kuwapima majeruhi ili serikali iamue malipo yao. Aligundua kwamba ukijua risasi ilipoingia na ilipotokea, unaweza kukisia ni sehemu gani ya kuona askari ameipoteza. Mwaka 1909 alichapisha ramani yake.

Ramani hiyo ina mambo ya ajabu. Ubongo wa upande wa kulia huona vilivyo kushoto kwako, na wa kushoto huona vilivyo kulia. Vilivyo juu huonwa na sehemu ya chini, na vya chini huonwa na sehemu ya juu. Na ile sehemu ndogo ya katikati, tunayoitumia kusoma maandishi au kutunga uzi kwenye sindano, imepewa eneo kubwa mno ukilinganisha na udogo wake. Kwa hiyo ramani ipo, lakini si kama picha iliyobandikwa ukutani. Imepinduliwa, imekatwa vipande viwili na kuvutwa katikati.

Miaka ya 1920 daktari wa Ujerumani, Otfrid Foerster, alikuwa akipasua vichwa vya wagonjwa wakiwa macho. Hilo linawezekana kwa sababu ngozi ikishatiwa ganzi, ubongo wenyewe hausikii maumivu. Alipogusa sehemu ya kisogoni kwa umeme mdogo, mgonjwa alisema anaona kidoa cha mwanga mbele yake. Akihamisha ncha ya chuma, kidoa nacho kilihama.

Kisha likaja jaribio ambalo sisi watu wa redio tunalipenda kwa namna ya pekee. Mwaka 1968 Waingereza wawili, mwanasayansi Giles Brindley na daktari wa upasuaji Walpole Lewin, walieleza kazi waliyomfanyia mwanamke wa miaka 52 aliyekuwa amepoteza kuona. Walimwekea vipande 80 vya chuma juu ya ubongo wa kisogoni. Vipande hivyo huitwa elektrodi, na kila kimoja kiliunganishwa na kipokezi chake kidogo cha redio kilicholala chini ya ngozi ya kichwa. Hapakuwa na waya unaotokeza nje. Mtafiti alisogeza kisambazaji juu ya kichwa, mawimbi ya redio yakapita kwenye ngozi, na mama yule akaona kidoa cha mwanga. Baadhi ya elektrodi hazikufanya kazi. Lakini ilikuwa imethibitika kwamba ubongo wa mtu aliyepoteza kuona bado unaweza kuona, ukiguswa.

Brindley aliona pia tatizo ambalo linasumbua watafiti mpaka leo. Mama yule alipogeuza macho, vidoa vilihama pamoja na macho, ingawa macho yenyewe hayakuwa na kazi yoyote. Fikiria maana yake. Kamera iko kwenye miwani, inatazama mlango ulio mbele. Mtu anazungusha macho kidogo bila kukusudia, na mlango unaonekana umehamia upande. Kwa hiyo watumiaji wa vifaa hivi hufundishwa kutuliza macho na kugeuza kichwa kizima badala yake, na watafiti wengine wanaongeza kifaa cha kufuatilia macho yanaelekea wapi.

Kifaa chenyewe

Vifaa vya leo vinatofautiana, lakini mpangilio unafanana. Kuna miwani yenye kamera ndogo. Kuna kompyuta ndogo ya kuvaa kiunoni au mfukoni, inayopokea picha na kuipunguza: inaacha kingo za vitu na mpaka wa mwanga na giza, inatupa mengine. Kisha ishara inapelekwa kwenye elektrodi zilizo ndani ya fuvu, kwa mawimbi au kwa waya. Kila elektrodi ikipata umeme, kidoa kinawaka katika kuona kwa mtu.

Vidoa hivyo watumiaji huvieleza kwa namna nyingi: nyota, cheche, mara nyingine ukungu mdogo wenye mwanga. Sisi tunaona neno linalofaa ni vimulimuli. Ukiwa shambani usiku wa mvua na vimulimuli vinawaka hapa na pale gizani, umekaribia kile ambacho mtu mwenye kifaa hiki anaona. Tofauti ni kwamba vimulimuli vyake vinawaka mahali palepale kila mara, na kazi ya kompyuta ni kuchagua viwake vipi ili mtu apate umbo.

Vingapi? Hapo ndipo habari za mitandaoni zinapodanganya zaidi. Chukua ile simu ya zamani ya Nokia 3310, yenye betri ya kukaa wiki na mchezo wa nyoka. Kioo chake kilikuwa na nukta 84 kwa upana na 48 kwa urefu, yaani nukta 4,032. Sasa linganisha. Kifaa kiitwacho Orion, ambacho watu sita wasioona waliwekewa juu ya ubongo huko Marekani katika jaribio lililoanza 2018, kina elektrodi 60. Kifaa kilichojaribiwa mjini Elche, Hispania, kina elektrodi 96. Kile cha Chicago, kilichowekwa kwa mara ya kwanza kwa mtu mwaka 2022, kina 400. Hakuna hata kimoja kinachoikaribia Nokia.

Hata hivyo nukta chache si bure. Maandishi ya Braille yana nafasi sita tu kwa kila herufi, na kwa nafasi hizo sita watu wanasoma vitabu na kufanya mitihani. Mwaka 1976 kundi la mtafiti wa Marekani William Dobelle lilieleza jinsi mtu mmoja asiyeona alivyosoma Braille iliyowashwa kwa umeme ndani ya kisogo chake, bila kugusa karatasi.

Na mwaka 2020 watafiti wa Houston, Texas, wakiongozwa na Daniel Yoshor na Michael Beauchamp, walipata njia inayotufurahisha kwa urahisi wake. Walikuwa wameona kwamba ukiwasha elektrodi nyingi kwa pamoja ili zichore herufi, vidoa vinaungana kuwa doa moja kubwa na mtu haelewi kitu. Wakaacha kuziwasha pamoja. Waliziwasha moja baada ya nyingine kwa haraka, kama unavyomchorea mwenzako herufi kwenye kiganja kwa kidole. Watu wakaitambua herufi, na wasioona waliweza kuichora walichokiona.

Elche na Chicago

Jaribio la Hispania linastahili maelezo zaidi, kwa kuwa linaonyesha vizuri faida na mipaka. Linaongozwa na Eduardo Fernández wa Chuo Kikuu cha Miguel Hernández. Mwaka 2021 kundi lake lilichapisha matokeo ya mwanamke wa miaka 57 ambaye hakuwa ameona kwa miaka 16. Walitoboa tundu dogo kwenye fuvu na kuingiza kibao cha milimita 4 kwa 4, kidogo kuliko punje ya hindi. Kibao hicho kina sindano nyembamba zipatazo mia moja, kila moja na urefu wa milimita moja na nusu. Aina hii ya kibao ilibuniwa na Richard Normann wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani.

Kwa nini sindano, badala ya vipande vinavyolala juu kama vya Brindley? Chembe zinazopokea kuona ziko ndani kidogo, si juu. Ukitumia umeme ukiwa nje, lazima uwe mwingi, unasambaa, na vidoa vinakuwa vikubwa. Sindano ikiwa karibu na chembe yenyewe, umeme kidogo sana unatosha, na kidoa kinakuwa kidogo na safi.

Mwanamke huyo alikaa na kibao kwa miezi sita. Alijifunza kutofautisha mstari wa wima na wa kulala, kuona mpaka kati ya kitu cheupe na cheusi, na kutambua baadhi ya herufi kubwa. Baada ya miezi sita kibao kilitolewa, kama walivyokubaliana tangu mwanzo. Akarudi gizani. Alijua hivyo kabla ya kuanza, na tunafikiri jambo hilo lapasa kutajwa kila mara matokeo haya yanapotajwa: watu wanaojitolea kwenye majaribio haya hawatibiwi. Wanatoa vichwa vyao ili wengine baadaye wafaidike.

Kule Chicago, kundi la Philip Troyk wa Taasisi ya Teknolojia ya Illinois limechukua njia nyingine. Badala ya kibao kimoja wanaweka vifaa vidogo 25, kila kimoja na elektrodi 16, vikiwa vimetawanywa juu ya eneo la kuona. Vyote vinapokea umeme na maelekezo kwa mawimbi, hakuna waya unaopita kwenye ngozi. Hilo ni muhimu kuliko linavyosikika, kwa sababu tundu la waya kichwani ni mlango wa vijidudu usiofungwa.

Kampuni ikifunga duka

Hatari za upasuaji ni zile unazoweza kuzikisia: kuvuja damu, vijidudu kuingia, na kifafa, kwa kuwa umeme ukizidi kwenye ubongo unaweza kuamsha mshtuko wa kifafa. Mmoja wa wale sita wa Orion alipata mshtuko wa namna hiyo. Tena ubongo hauupendi ugeni. Baada ya muda hutengeneza kovu kuzunguka sindano, na elektrodi zinadhoofika moja moja.

Lakini kuna hatari nyingine isiyo ya kidaktari, na imeshawapata watu.

Kampuni ya Marekani iitwayo Second Sight ilitengeneza kifaa kingine, Argus II, ambacho hakikuwekwa ubongoni bali juu ya retina. Kilikuwa kwa ajili ya ugonjwa wa kurithi unaoanza kwa mtu kutoona usiku, kisha kuona kwake kunabanwa mpaka kuisha. Ulaya ilikiruhusu kiuzwe mwaka 2011, Marekani mwaka 2013. Bei ilikuwa kama dola 150,000, bila gharama za upasuaji. Zaidi ya watu 350 duniani waliwekewa.

Mwaka 2019 kampuni iliacha kukitengeneza. Mwaka 2020 ikapunguza wafanyakazi wake wengi. Wengi wa waliokuwa na kifaa jichoni hawakuambiwa vizuri kinachoendelea. Mwaka 2022 jarida la wahandisi la IEEE Spectrum lilieleza hali yao: miwani ikivunjika, spea hakuna, kompyuta ikizima, fundi hakuna, na daktari akitaka kumpiga mgonjwa picha kwa mashine ya sumaku, hapatikani mtu wa kueleza kama chuma kilichomo jichoni ni salama. Mwenye pikipiki isiyo na spea anaiegesha chini ya mwembe. Hawa walikuwa nacho mwilini.

Kabla ya hapo Dobelle naye, yule wa Braille ya 1976, alianza mwaka 2002 kuwapeleka watu wasioona Ureno kuwekewa kifaa chake cha ubongoni, kwa malipo yao wenyewe. Mmoja wao, kutoka Kanada, aliendesha gari polepole kwenye uwanja wa kuegeshea mbele ya waandishi wa habari, na picha hizo zilizunguka dunia. Dobelle alifariki mwaka 2004, na huduma ikafa naye.

Kwa maoni yetu, swali la "nani atakitunza kifaa hiki miaka kumi ijayo" ni zito sawa na swali la "kinaonyesha vidoa vingapi". Kwa mtu anayeishi mbali na hospitali kubwa ni zito zaidi.

Na Neuralink je?

Video nyingi zinataja kampuni ya Elon Musk, Neuralink, na kifaa kinachoitwa Blindsight. Mwezi Septemba 2024 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ilikipa hadhi ya kifaa cha kipaumbele. Habari hiyo ilienea kana kwamba kimeidhinishwa. Sivyo. Hadhi hiyo ina maana kwamba mamlaka itawasiliana na kampuni kwa karibu na kuharakisha kupitia makaratasi yake. Haisemi kwamba kifaa kinafanya kazi wala kwamba ni salama. Musk mwenyewe alisema kuona kwa mwanzo kutakuwa kwa kiwango cha chini, kama michezo ya zamani ya kompyuta.

Alisema pia kwamba baadaye kitaweza kupita kuona kwa kawaida. Hapo wanasayansi wengi wanatikisa kichwa. Mwaka huo huo wa 2024, Ione Fine na Geoffrey Boynton wa Chuo Kikuu cha Washington walitengeneza programu ya kuiga kile ambacho mgonjwa angeona. Wakachukua video ya paka na kuipitisha kwenye kisogo cha kubuni chenye elektrodi 45,000. Kwenye kioo cha kawaida, nukta 45,000 zingemwonyesha paka vizuri. Kwenye kisogo, alitoka ukungu ambao ni vigumu kumtambua.

Sababu ni kwamba chembe za ubongo si nukta za kioo cha simu. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwamba chembe moja ya kisogoni husubiri mstari ulioinama kwa namna fulani, jirani yake husubiri mstari ulioinama vingine, nyingine husubiri kitu kinachotembea. Zinaongea lugha yake. Elektrodi ikirusha umeme, inaziamsha zote kwa pamoja, kama mtu anayepiga funguo za kinanda kwa kiganja kizima. Kuongeza funguo hakumfanyi mpiga kinanda. Mjini Amsterdam mwaka 2020 kundi la Pieter Roelfsema liliweka elektrodi 1,024 kwa nyani, na nyani waliweza kutambua herufi. Ni hatua kubwa, lakini kutoka herufi hadi uso wa mtu bado ni mbali.

Aliyezaliwa bila kuona

Hili ndilo swali linaloumiza zaidi, hasa kwa wazazi. Karibu majaribio yote tuliyoyataja yalichukua watu waliowahi kuona. Si ubaguzi. Kuona hujifunzwa, na hujifunzwa utotoni. Mtoto mchanga anapotazama, kisogo chake kinajifunza mstari ni nini, umbali ni nini, uso ni nini. Kisipopata mwanga katika miaka hiyo, hakikai bure. Kinapewa kazi nyingine. Watafiti wameonyesha kwamba wasioona tangu utotoni wanaposoma Braille kwa vidole, eneo la kuona kisogoni linafanya kazi. Eneo hilo limeshapata mwenyewe, na kulirusha umeme hakuligeuzi kuwa jicho.

Kuna jambo la kulifanya hapa, tena leo. Wapo watoto wanaozaliwa na mtoto wa jicho. Ukiona mboni ya mtoto ina weupe, au picha ya simu yenye mwanga inaonyesha jicho moja jeupe na lingine la kawaida, mpeleke hospitali bila kusubiri akue. Weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho, na unaweza kuwa saratani ya jicho. Kwa vyote viwili wiki zina thamani. Mtoto wa jicho akiondolewa mapema, kisogo kinajifunza. Akiondolewa baada ya miaka mingi, lenzi inakuwa safi lakini ubongo umeshapita wakati wake.

Kama unafikiria kifaa hiki kwa ajili yako au ndugu yako

Mpaka tunaandika haya, hakuna kifaa cha ubongoni cha kurudisha kuona kinachouzwa hospitalini popote duniani. Vyote ni vya majaribio. Kwa hiyo mtu akikupigia simu akitaka utume hela ya kuandikisha jina, au ya "kufungua faili" la chipu ya macho, ni tapeli. Jaribio halali lina kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, fomu ya ridhaa inayosomwa mbele yako kwa lugha unayoielewa, na ruhusa ya kujitoa siku yoyote. Halianzi kwa kutumiwa namba ya kulipia.

Kilicho karibu zaidi na matumizi ya kawaida ni kifaa cha retina kiitwacho PRIMA, kilichobuniwa na Daniel Palanker wa Chuo Kikuu cha Stanford. Ni kijibati cha milimita 2 kwa 2 kinachowekwa chini ya retina kwa wazee ambao katikati ya kuona kwao pamekufa. Matokeo yaliyochapishwa Oktoba 2025 yalihusu watu 38 wa Ulaya. Kati ya 32 waliopimwa baada ya mwaka, 26 walisoma herufi kwa ubora zaidi wa kutosha kuleta tofauti. Lakini kinahitaji neva ya jicho iwe nzima, kwa hiyo hakimsaidii mwenye presha ya macho.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwamba kwa wasiopungua bilioni moja kati yao tatizo lingeweza kuzuiwa au bado linatibika. Ukiwa na mzee nyumbani aliyeacha kutoka nje kwa kuwa haoni, usihukumu mwenyewe kwamba ni uzee. Mpeleke apimwe ijulikane ni antena, waya, au spika. Akikutwa na mtoto wa jicho, anatibika, na timu za macho hutembelea wilaya nyingi. Uliza kituo cha afya ratiba yao.

Presha ya macho haina dalili mwanzoni. Haiumi, na kuona hupungua kuanzia pembeni, mtu asijue mpaka anapoanza kujigonga kwenye miimo ya milango. Ukishafika miaka 40, au kama mzazi au ndugu wa tumbo moja anayo, omba upimwe, na ukipewa dawa ya matone usiiache kwa kuwa huoni nafuu. Kazi ya matone ni kuzilinda nyuzi zilizobaki.